Kabla Hujavunja Sakafu: Kutafuta na Kutengeneza Bomba Linalovuja Chini ya Zege

Kosa kubwa katika kazi hii ni kushika nyundo mapema. Maji mara nyingi hayatokei pale yanapovujia. Bomba linaweza kutoboka chini ya jiko, maji yakatambaa juu ya nailoni iliyotandazwa chini ya zege, yakafuata njia ya nyaya za umeme, kisha yakachomoza kwenye kona ya chumba cha kulala, mita kadhaa kutoka kwenye tundu lenyewe. Anayevunja penye unyevu huishia kuvunja tena na tena, na kila shimo linakata nailoni, linagusa nondo na kuacha kiraka ambacho vigae vyake havitafanana na vingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usivunje mpaka njia mbili tofauti za kupima zikuelekeze sehemu moja. Na hata zikikubaliana, jiulize kwanza kama kuvunja ndiyo dawa. Mara nyingi siyo.

Tundu dogo nalo lisidharauliwe. Kwenye bomba lenye presha ya bar 3 (bar ni kipimo cha presha), maji hutoka kwa kasi inayokaribia mita 24 kwa sekunde. Tundu la kipenyo cha milimita 1 hupitisha karibu lita 0.7 kwa dakika, yaani kama lita 1,000 kwa siku. Kipenyo kikiongezeka maradufu, eneo la tundu huwa mara nne, na maji hufika lita 4,000. Nyumba inayotegemea tangi lililoinuliwa mita 5 ina presha ya nusu bar tu, lakini tundu hilo hilo la milimita 1 bado litamwaga lita 400 hivi kila siku. Udongo ulioshindiliwa kuzunguka bomba hupunguza kiasi hicho kidogo, ila maji yanayopita humo hubeba chembe za mchanga, na baada ya miezi zege hubaki limening'inia juu ya uwazi. Hapo ndipo nyufa zinapoanza na milango inapogoma kufunga.

Hakikisha kwanza kwamba ni bomba

Sakafu yenye unyevu ina washukiwa wengi. Huenda nailoni ya kuzuia unyevu haikuwekwa chini ya zege, au ilitobolewa na nondo siku ya kumwaga, na unyevu wa ardhini unapanda wenyewe. Huenda maji ya mvua yanaingilia kwenye msingi kwa sababu ardhi ya nje inainamia nyumba. Huenda ni mvuke wa chumba unaogeuka matone juu ya vigae baridi. Huenda ni sakafu ya bafu ambayo tabaka lake la kuzuia maji limekufa, na kila anayeoga anamwaga maji ukutani na si kwenye mtaro.

Kipimo rahisi cha kuanzia: chukua nailoni ngumu ya nusu mita kwa nusu mita, igundishe sakafuni kwa tepu pande zote nne, iache saa 24 hadi 48. Matone yakiwa upande wa chini wa nailoni, unyevu unatoka kwenye zege. Yakiwa upande wa juu, unatoka hewani, na hapo tatizo ni la madirisha, si la mabomba. Kipimo hiki hakikuambii kama maji ya chini ni ya bomba au ya ardhi, lakini kinaondoa mshukiwa mmoja.

Dalili za bomba lenyewe zinajulikana. Sehemu moja ya sakafu ina joto ukikanyaga bila viatu: bomba la maji moto linavuja. Hita haipumziki. Pampu ya kusukuma maji inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache ilhali hakuna aliyefungua koki. Usiku nyumba ikitulia unasikia mlio mwembamba kama wa kitu kinachokaangwa mbali. Viungo vya vigae vinabadilika rangi, au kigae kimoja kinalia utupu ukikigonga.

Sasa tenganisha mifumo miwili, kwa sababu upimaji wake haufanani hata kidogo. Mabomba ya kuleta maji yana presha saa zote, hivyo yanavuja mchana na usiku na mita ya maji inaona. Mabomba ya majitaka hayana presha. Yanavuja pale tu maji yanapopita, na mita haitakwambia lolote. Fundi anayekuja na kifaa cha kusikiliza kutafuta tundu kwenye bomba la choo amekosea hata kabla hajafungua begi lake.

Upande wa maji safi: mita, valvu, geji

Funga koki zote, mashine ya kufua, kila kitu. Soma mita mpaka tarakimu za mwisho, au tazama kile kigurudumu kidogo cha kuonyesha mtiririko. Kikizunguka ilhali nyumba nzima imefungwa, maji yanaenda mahali. Kisipozunguka, usiridhike haraka. Subiri saa moja au mbili usome tena, maana mvujo mdogo huweza kuwa chini ya uwezo wa kigurudumu kuuonyesha. Kama nyumba inakula kutoka tangini, funga maji yanayoingia tangini, weka alama ya usawa wa maji na urudi baada ya saa kadhaa. Kwenye tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 1, kushuka kwa sentimita 1 ni karibu lita 8.

Kabla ya kulaumu sakafu, kagua vyoo. Tangi la choo linaweza kupitisha maji kimyakimya siku nzima kwa sababu mpira wa chini umechakaa au boya limewekwa juu mno. Tia rangi ya chakula kwenye tangi, usiflashi, subiri dakika 30. Rangi ikionekana kwenye bakuli, umempata mwizi, tena wa bei nafuu. Kagua pia valvu ya usalama ya hita: bomba lake la kutolea maji mara nyingi limeelekezwa nje au mtaroni, na hakuna anayeliona likichuruzika.

Baada ya hapo, gawanya. Funga valvu kuu ya nyumba. Mita ikiendelea kuzunguka, tundu liko kati ya mita na nyumba, uani, na huna sababu ya kugusa sakafu. Ikisimama, fungua valvu kuu, zima umeme wa hita, kisha funga valvu ya maji baridi yanayoingia kwenye hita. Usiache umeme ukiwaka, maana hita ikibaki bila maji koili yake inaungua. Mita ikisimama sasa, tatizo liko upande wa maji moto. Isiposimama, upande wa baridi. Angalizo moja: koki ya bafu ya kuchanganya maji moto na baridi ikiachwa wazi huku imefungwa kwenye kichwa cha shawa, maji baridi yanavuka kupitia humo na kuingia upande wa moto, na kipimo chako kinakudanganya.

Geji, yaani kipima presha, ndiyo inayotoa uthibitisho. Ifunge kwenye koki yoyote yenye uzi, ya uani kwa mfano, acha mfumo ujae, funga valvu kuu na utazame. Sindano ikishuka kwa kasi kutoka bar 3 hadi sifuri ndani ya dakika mbili tatu, tundu ni kubwa. Ikishuka taratibu na kusimama mahali, huenda ni valvu inayopitisha tu au bomba la plastiki linalotanuka. Mabomba ya plastiki hutanuka yanapopata presha, kwa hiyo rudisha presha mara moja au mbili kabla ya kuamini unachokiona. Kama unatumia pampu ya mkono kwenye mabomba ya zamani, usizidi sana presha ambayo mabomba yamezoea kila siku. Lengo ni kutafuta tundu lililopo, si kutengeneza jingine.

Na tafadhali usijaze hewa ya kompresa kwenye bomba la PVC, ile plastiki ngumu ya kuunganishwa kwa gundi, ukaipandisha mpaka bar nyingi. Maji yakiwa na presha na bomba likapasuka, presha inaisha papo hapo. Hewa huhifadhi nguvu, na PVC hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyoruka. Watu wameumia hivyo.

Upande wa majitaka

Hapa kipimo ni maji yaliyosimama. Fungua chemba ya kwanza nje ya nyumba, ingiza puto la mpira la kuzibia kwenye mdomo wa bomba linalotoka ndani, lijaze hewa mpaka libane vizuri, halafu jaza bomba maji polepole mpaka uone usawa wake kwenye mtaro wa bafu ulio chini kuliko yote. Usijaze kupita usawa wa sakafu, la sivyo maji yatapenya kwenye pete inayounganisha choo na bomba, na utadhani bomba ni bovu. Weka alama, subiri nusu saa. Yakishuka, bomba linavuja. Sogeza puto juu zaidi, urudie, mpaka ujue ni kipande gani kinachoshindwa kushika maji.

Wengi huruka hatua hii na kukimbilia kamera. Kamera ina faida yake: inaonyesha mizizi, kiungo kilichochomoka, bomba lililobonyea katikati na kuhifadhi maji. Lakini ufa mwembamba chini ya tope hauonekani, na kiungo kinachopendeza kwa ndani kinaweza kuwa kinavuja kwa nje. Maji yaliyosimama ndiyo yanayothibitisha kwamba kuna mvujo, kamera inakuonyesha sura yake tu.

Kupata sehemu yenyewe

Anza na ramani. Kabla ya kujua bomba linavuja wapi, jua linapita wapi. Bomba la chuma au shaba hufuatwa kwa kifaa kinachotuma mawimbi ya umeme ndani yake na kuyasikiliza kutoka juu. Bomba la plastiki halipitishi mawimbi hayo, kwa hiyo husukumwa waya au kifaa kidogo cha kutoa mawimbi ndani yake. Nondo za sakafu huvuruga usomaji, hivyo piga mstari mara mbili, ukienda na ukirudi, uone kama alama zinalingana. Chora mistari hiyo sakafuni kwa chaki.

Kisha sikiliza. Zima friji, feni, hita, kiyoyozi. Bandika fimbo ya chuma au kipaza sauti cha ardhini juu ya kila valvu na koki, tafuta iliyo na mlio mkubwa kuliko zote, halafu tembea juu ya mstari wa chaki ukisogea sentimita 30 kila hatua. Mlio wa tundu kwenye bomba la chuma ni mkali na unasafiri mbali. Kwenye plastiki ni mzito, unakufa ndani ya mita chache, na presha ikiwa ndogo husikii kitu. Nyumba ya tangi ya nusu bar mara nyingi iko kimya kabisa. Inabidi uongeze presha kwa pampu kwa muda ndipo tundu liseme. Jihadhari pia na elbo: maji yanapopita kwenye kona hufanya kelele inayofanana na ya tundu, ndiyo maana upimaji ufanywe hakuna anayetumia maji.

Koreleta ni kifaa kinachofanya kazi hiyo kwa hesabu. Vipokea sauti viwili huwekwa kwenye ncha mbili za bomba, na kifaa kinapima mlio umechelewa kiasi gani kufika kimoja kuliko kingine. Umbali wa tundu kutoka kwenye kipokea sauti kilichosikia kwanza ni urefu wa bomba, ukitoa zao la kasi ya sauti na muda wa kuchelewa, kisha ukigawa kwa mbili. Tuseme bomba ni la mita 20 na tofauti ni milisekunde 5. Ukiandika kwamba bomba ni la chuma, ambamo sauti husafiri karibu mita 1,200 kwa sekunde, jibu ni (20 − 6) ÷ 2, yaani mita 7. Kama kumbe bomba ni la plastiki, ambamo sauti hukimbia karibu mita 450 kwa sekunde, jibu sahihi ni mita 8.9. Takriban mita 2 za tofauti, kwa sababu ya neno moja lililoandikwa vibaya kwenye kifaa! Na bomba la zamani lililowahi kutengenezwa huwa mchanganyiko: mita kadhaa za chuma, kipande cha plastiki, kisha chuma tena. Muulize mwenye nyumba kama kuna matengenezo ya awali kabla hujabonyeza kitufe.

Mahali sauti inaposhindwa, gesi inafaulu. Maji hutolewa bombani na badala yake inajazwa gesi ya kufuatilia, mchanganyiko wa asilimia 5 ya haidrojeni na asilimia 95 ya naitrojeni, ambao hauwaki moto. Haidrojeni ni nyepesi na molekuli zake ni ndogo, inapenya tunduni, inapanda kupitia udongo na zege, na kifaa cha kunusa kinaikamata juu. Usisahau kwamba vigae vyenye kung'aa haviipitishi. Itatokea kwenye viungo vya vigae tu, na pengine kando kidogo ya tundu. Ndiyo sababu hutobolewa matundu madogo ya milimita 6 kwenye viungo, kila sentimita 50 hivi, ukiwa na uhakika kwamba hapo chini hapapiti waya wala bomba, kisha gesi hunuswa tundu kwa tundu. Lenye usomaji mkubwa ndilo lililo karibu. Nailoni iliyo chini ya zege nayo huisogeza gesi pembeni, kwa hiyo usiamini usomaji mmoja.

Kamera ya joto nayo inapendwa kuliko inavyostahili. Haioni kupitia zege. Inaona joto la uso wa sakafu, basi. Kwa bomba la maji moto ni msaada mkubwa: pitisha maji moto kwa dakika 20, utaona mstari wa bomba ukijichora, na pale penye mvujo mstari unakuwa doa pana. Kwa maji baridi utaona tu sehemu iliyopoa kwa sababu ya kukauka kwa unyevu, na hiyo inaweza kuwa popote maji yalikofika. Vigae vinavyong'aa huakisi joto la mwili wako na taa, ukadhani umepata kitu.

Kuvunja, au kulihama bomba

Tundu likishajulikana lilipo, swali linalofuata ni kwa nini limetokea, kwa kuwa sababu ndiyo inayoamua dawa. Msumari au skurubu iliyopigwa sakafuni ni ajali ya mara moja: fungua, tengeneza, funga. Kiungo cha PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuyeyushwa) ambacho hakikuyeyushwa vizuri kinaweza kuwa kimoja, lakini aliyefanya hicho amefanya na vingine. Bomba la chuma lililopakwa zinki likianza kutoboka kwenye uzi wa kiungo, ujue lote limeliwa na kutu kwa ndani. Ukifunga tundu moja, presha inatafuta jingine. Shaba iliyolala bila kinga juu ya zege au nondo husuguliwa kila maji moto yanapopita, kwa sababu inatanuka na kusinyaa, na tundu moja kwenye njia hiyo ni tangazo la mengine. Bomba la plastiki lililolazwa juu ya jiwe hupasuka pale pale jiwe linapokandamiza.

Kanuni ninayoitetea: mvujo wa pili kwenye njia ile ile usitengenezwe. Lihame bomba hilo. Likate pande zote mbili na upitishe jipya ukutani au juu ya dari. Kuhama kunaonekana kazi kubwa, lakini sakafu inabaki nzima, nailoni haiguswi, na siku nyingine likivuja utaliona. Hata kwa mvujo wa kwanza, kama bomba ni la kuleta maji na lina umri mkubwa, ningehama.

Ukihama, fanya mambo mawili ambayo husahaulika. Kwanza, bomba lililoachwa lizibwe karibu kabisa na lilipojiunga na linalotumika. Ukiacha kipande cha mita 2 kimefungwa upande mmoja tu, maji yanalala humo na vijidudu vinazaliana. Pili, toa nafasi ya kutanuka. PPR ya kawaida hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la mita 10 linalopanda kwa nyuzi 40 linarefuka sentimita 6. Ukilibana kwa klipu zisizoliruhusu kusogea, litapinda kama nyoka au litavuta viungo vyake. Weka kona ya kupumulia, na maji moto yavishwe sponji.

Kuna pia njia ya kupaka bomba rangi ngumu ya epoksi kwa ndani, na kwa majitaka kuna soksi yenye resini inayoingizwa na kugandia humo. Zote zinahitaji bomba lenye umbo lake. Kiungo kilichochomoka au bomba lililobonyea haliponi kwa soksi, kwa sababu soksi itafuata bonde hilo hilo. Kwa majitaka yaliyo karibu na ukuta wa nje, kuchimba handaki kutoka uani ni njia nzuri, mradi kingo zishikiliwe kwa mbao na asiachwe mtu peke yake humo ndani.

Kufungua zege

Kama imebidi kuvunja, jambo la kwanza kuuliza ni aina ya zege. Kuna sakafu zilizojengwa kwa nyaya za chuma zilizovutwa na kukazwa baada ya zege kuganda. Ukiukata waya mmoja unafyatuka kwa nguvu inayoweza kuua, na sakafu inapoteza uimara. Sakafu ya namna hiyo haiguswi bila kupigwa picha ya rada na bila mhandisi. Kwa sakafu ya kawaida yenye nondo, zima umeme wa njia zinazopita chini, funga maji, fungua koki ya chini kabisa ili bomba limwage.

Ondoa vigae kwa kukata viungo vyake kwanza, ndipo jirani visipasuke. Kata mstari wa mraba kwa grainda yenye diski ya almasi, ukimwagia maji au ukivuta vumbi, na uvae barakoa ya vumbi laini. Vumbi la zege lina silika, na silika haitoki mapafuni. Maji na grainda ya umeme ni hatari pia, kwa hiyo tumia kifaa kilichotengenezwa kukata penye maji, chenye swichi ya kukata umeme ukivuja. Ukubwa wa shimo usiwe chini ya sentimita 60 kwa 60. Shimo dogo linaonekana la huruma kwa sakafu, lakini mashine ya kuyeyushia PPR haiingii, mkono haugeuki, na kiungo kinafanywa vibaya. Vunja kwa tindo kutoka katikati kwenda kingoni. Ukifika chini, acha mashine, chimba kwa mkono, na uondoe udongo mpaka sentimita 15 chini ya bomba.

Nailoni usiipasue ovyo. Ikate umbo la herufi X ukunje masikio yake nje, utayahitaji.

Kiungo kitakachozikwa

Hakuna yunioni (kiungo cha nati kinachofunguka), hakuna kiungo cha kukaza kwa mpira, hakuna uzi na tepu chini ya zege kama kuna njia nyingine. Kila kinachokazwa kinaweza kulegea. Klipu ya kubana juu ya tundu ni ya usiku mmoja, mpaka vifaa vipatikane.

PPR huyeyushwa kwa nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, hesabu ikianza baada ya bomba na soketi kuingia kikamilifu kwenye mashine. Weka alama ya kina cha kuingia, kama milimita 14 kwa bomba la 20, usukume moja kwa moja bila kuzungusha, ushike mpaka kigande. Ukipasha kupita kiasi au ukisukuma mno, plastiki inajikunja ndani na kuziba njia. Ukipasha kidogo, kiungo kinashika kwa wiki kadhaa kisha kinaachia. Adui mkubwa ni maji: tone moja linalochuruzika wakati wa kuyeyusha hugeuka mvuke na kuacha vitundu. Hakikisha bomba ni kavu. Mkate wa kuzibia maji, ambao wengine huutumia, huishia kwenye vichujio vya koki.

Kwa PVC, kata kwa pembe ya mraba, kwangua makali yaliyobaki kingoni, safisha kwa dawa ya kusafishia, paka gundi pande zote mbili, sukuma ukizungusha robo, shika nusu dakika. Halafu heshimu muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kuweka presha. Shaba ikatwe mpaka ufike kwenye sehemu nzima pande zote, kingo za ndani zikwanguliwe kwa sababu ukingo mkali unaobaki huzungusha maji na kula ukuta wa bomba, na iunganishwe kwa kuchomea kwa joto kali, si lehemu laini ya bati. Shaba na chuma zisikutanishwe moja kwa moja, chuma kitaliwa.

Bomba la majitaka lirudishiwe mwinamo wake kabla ya kufunikwa: sentimita 2 kwa kila mita kwa bomba la milimita 50 au 75, na kati ya sentimita 1 na 2 kwa la milimita 110. Pima kwa pimamaji juu ya kipande kizima, si juu ya kiungo kipya pekee.

Kisha pima presha shimo likiwa wazi. Mara 1.5 ya presha ya kazi ndiyo desturi: bomba la bar 4 lipimwe kwa bar 6, kwa saa mbili angalau, kwa vipande vipya ulivyoviweka. Kama bado vimeunganishwa na bomba kuukuu, baki kwenye presha ya kazi na uache usiku mzima. Funga karatasi kavu ya chooni kuzunguka kiungo. Unyevu ambao jicho halioni, karatasi itauonyesha. Pima majitaka kwa maji yaliyosimama kama mwanzo. Piga picha yenye futi ndani yake, na uandike umbali wa kila kiungo kutoka kuta mbili.

Kufunga

Lipe bomba kitanda cha mchanga safi wa sentimita 10 chini na 15 juu, bila kokoto, na livishwe sponji mahali litakapopita kwenye zege ili liweze kusogea. Kama maji yamechimba uwazi chini ya sakafu, usimwage mchanga mkavu na kuondoka, utashuka. Jaza kwa tabaka za sentimita 10 hadi 15 ukishindilia kila moja, na kule mkono usikofika mimina mchanganyiko mwepesi wa mchanga na saruji kidogo unaotiririka.

Rudisha masikio ya nailoni, weka kiraka kinachovuka kingo kwa sentimita 15 kila upande, ugundishe kwa tepu yake. Nondo iliyokatwa iunganishwe kwa kulalia urefu wa mara 40 ya kipenyo chake. Nondo ya milimita 10 inahitaji sentimita 40. Kama shimo halitoshi, toboa kingo za zege na upandikize vipande vya nondo kwa epoksi. Kwangua kingo, zilowanishe mpaka zishibe bila maji kusimama, paka uji mzito wa saruji na umwage zege kabla uji haujakauka. Uwiano wa 1:2:3 unafaa, saruji, mchanga, kokoto, maji yasizidi nusu ya uzito wa saruji. Shimo la sentimita 60 kwa 60 na unene wa 10 hula lita 36 za zege, ambazo ni kilo 12 hadi 14 za saruji. Lifunike kwa gunia bichi au nailoni siku 7.

Kabla ya kurudisha maji kikamilifu, pima presha ya nyumba. Ikizidi bar 5.5, weka valvu ya kupunguza presha na uitege kwenye bar 3 au 3.5, la sivyo kiungo kipya kitarithi mateso ya kile cha zamani. Valvu hiyo huzuia maji ya hita yanayotanuka kurudi kwenye bomba la mtaa, kwa hiyo hita nayo ipewe tangi dogo la kupokea mtanuko. Fungua valvu kuu robo kwanza, huku koki ya mbali zaidi ikiwa wazi ili hewa itoke, ndipo uongeze. Hita iwashwe baada ya maji moto kutoka bila kutema hewa.

Vigae vya kauri vinaweza kurudi mapema, zege likishapata nguvu. Mbao na plastiki ya sakafu zisubiri. Zege la sentimita 10, na lile kuukuu lililoloweshwa kwa miezi, huchukua miezi kukauka hata likionekana jeupe kwa juu. Rudia kipimo cha nailoni kwa saa 48, juu ya kiraka na pia nusu mita nje yake, na kama bado kuna matone chini, mwambie fundi wa mbao arudi baadaye.